Klachi na Usukani wa Gari la Shamba

Juma hili hatutazungumza juu ya mbegu, wala mbolea, wala dawa ya kunyunyizia. Tutazungumza juu ya gari linaloyabeba hayo yote, na hasa vitu viwili vya gari hilo ambavyo wengi wetu huvikumbuka siku vinapogoma, yaani klachi na usukani. Wewe unayeyasoma maneno haya kitabuni badala ya kuyasikia redioni una nafuu yako, maana unaweza kukiweka kitabu juu ya boneti na kufuata hatua moja moja.

Sababu ya kuchagua jambo hili ni barua. Msikilizaji wetu mmoja, mkulima wa mboga katika milima ya Usambara, ametuandikia kwa niaba yake na wenzake sita. Wana pikapu moja, Toyota Hilux ya dizeli, waliyoinunua kwa kuchangiana. Hiyo ndiyo inayowashushia kabichi, karoti na nyanya kutoka Lushoto mpaka Mombo, kilomita thelathini na ushee za kona na mteremko, ambapo barabara hushuka karibu meta 1,000 kabla ya kufika tambarare. Anasema pedali ya klachi imekuwa laini, inazama, na gia ya kurudi nyuma inakwaruza. Fundi amewaambia giaboksi ishushwe na klachi pleti mpya inunuliwe, na gharama yake itakula mauzo ya nyanya ya majuma kadhaa. Kisha anaongeza, kama kwa kupita tu, kwamba tanboi wao ameanza kujaza kikombe cha klachi kwa ile oili nyekundu ya usukani, kwa sababu ndiyo iliyokuwapo garini. Na mwisho anasema kwamba wakishuka mlima huzima injini ili kuokoa dizeli.

Ndugu yetu, umeuliza jambo moja lakini umetupa matatu, na haya mawili uliyoyataja kwa kupita ndiyo mabaya zaidi. Lakini tuanze pale ulipouliza.

Klachi ya gari lako haivutwi kwa waya. Inasukumwa kwa mafuta. Ukikanyaga pedali, rodi fupi inasukuma pistoni ndani ya silinda ya juu, ile ambayo mafundi huiita masta silinda. Pistoni inasukuma mafuta, mafuta yanapita katika paipu ya chuma na mpira mfupi, yanafika katika silinda ya chini iliyofungwa ubavuni mwa giaboksi. Huko pistoni nyingine inasukuma uma wa klachi, uma unasukuma beringi, na klachi inaachia. Ni Mfaransa Blaise Pascal, aliyefariki mwaka 1662, aliyeeleza kanuni yenyewe: ukiyasukuma maji yaliyofungiwa ndani ya chombo, msukumo huo huenea sawasawa kila upande.

Sasa tupige hesabu kidogo. Tuseme pistoni ya juu ina upana wa milimeta 16 na ya chini milimeta 19. Eneo la ile ya chini ni kubwa kwa kiasi cha mara 1.4, kwa hiyo nguvu ya mguu wako inaongezeka mara 1.4. Lakini hakuna cha bure. Mwendo nao unapungua kwa kiasi kile kile. Pistoni ya juu ikienda milimeta 25, ya chini itakwenda kama 18 tu. Hizo 18 ndizo zinazoachia klachi. Kukiwa na upepo ndani ya paipu, mguu wako utaanza kwa kuubana ule upepo, maana upepo hubanika na mafuta hayabaniki. Upepo ukila milimeta 5 tu za mwendo wa juu, chini zitabaki 14, na klachi haiachii yote. Injini inaendelea kuizungusha giaboksi wakati wewe unaingiza gia, na gia inalia. Gia ya nyuma hulia kwanza, kwa kuwa katika magari mengi haina kile kifaa cha kulinganisha mizunguko kilichomo katika gia za mbele.

Umeona basi kwamba gia kukwaruza si lazima iwe klachi pleti. Kabla hamjashusha giaboksi, fanyeni jaribio hili ambalo halina gharama. Injini ikinguruma polepole, gari likiwa mahali tambarare na hendibreki imevutwa, kanyaga pedali mara moja, subiri kidogo, jaribu kuingiza gia ya nyuma. Ikilia, itoe, kisha kanyaga pedali haraka haraka mara tatu au nne, shikilia, na ujaribu tena. Kama sasa gia imeingia kimya, ugonjwa uko katika mafuta: kuna upepo, au kuna mahali panapovuja, au raba za ndani zimechoka. Kama baada ya kupampu gia bado inalia vile vile, hapo ndipo unaweza kuanza kuishuku klachi yenyewe, beringi au uma wake. Na klachi pleti iliyokwisha ina dalili nyingine kabisa. Injini inapiga kelele mlimani huku gari haliongezi mwendo, na pengine unasikia harufu ya kuungua. Hiyo ni klachi inayoteleza. Ya kwako, kwa maelezo ya barua, haitelezi. Inakataa kuachia.

Jaribio la pili: shikilia pedali imekanyagwa kwa dakika moja hivi. Ikizama taratibu chini ya mguu, na nje huoni tone lolote, raba ya masta silinda inapitisha mafuta kwa ndani.

Baada ya hapo tafuta mvujo kwa macho na kidole. Ndani ya gari, lala chini uangalie pale rodi ya pedali inapoingia ukutani. Pakiwa na unyevu, au rangi imebabuka, masta inavuja. Chini ya gari, inua kile kifuniko cha mpira cha silinda ya chini kwa bisibisi butu. Kinatakiwa kiwe kikavu ndani, au pengine na vumbi tu. Mafuta yakidondoka, umempata mwizi. Na wala msidanganywe na mtu anayesema kwamba mafuta ya klachi hupungua kwa kutumika. Kwenye breki ni kweli kikombe hushuka kadiri pedi zinavyokwisha. Kwenye klachi inayojirekebisha yenyewe ni kinyume: pleti ikilika, mafuta hurudi juu kidogo. Kwa hiyo kikombe cha klachi kikipungua, kuna mahali panapovuja, na kuongeza mafuta kila juma bila kupatafuta ni kama kujaza ndoo yenye tundu.

Tumefika kwenye mafuta yenyewe, na hapa naomba tukae kidogo.

Klachi ya namna hii hutumia mafuta ya breki. Chupa yake imeandikwa DOT 3 au DOT 4, na kifuniko cha kikombe aghalabu kinaeleza ipi inayotakiwa. Ingawa tunayaita mafuta, hayana undugu na oili ya injini wala na dizeli. Ni kitu kinachopenda maji. Ukiyaacha wazi yanavuta unyevu kutoka hewani, na hata yakiwa ndani ya gari yanaendelea kuuvuta polepole kupitia mipira na kifuniko. DOT 3 mpya haichemki mpaka ifike angalau nyuzi 205 za Sentigredi. Ikishalowa, kiwango chake hushuka hadi 140. DOT 4 mpya ni 230, ikilowa ni 155. Maji hayo hayachemki tu, bali pia huleta kutu ndani ya silinda, kutu inachimba vishimo, na vishimo vinakata raba kama wembe. Ndiyo maana yafaa kubadilisha mafuta haya kila baada ya miaka miwili hata kama gari halina tatizo lolote. Na chupa iliyofunguliwa masika iliyopita ikabaki nusu stoo, isitumike tena garini.

Oili nyekundu ya usukani ni kitu kingine kabisa. Hiyo imetokana na mafuta ya ardhini, kama ndugu zake wengine wa oili. Raba za breki na klachi zimetengenezwa ziishi ndani ya mafuta ya breki. Zikikutana na oili zinavimba na kulainika kama mkate uliotiwa chai. Raba iliyovimba haitelezi vizuri ndani ya silinda, na pistoni hairudi yote. Kile kitundu kidogo cha kurudishia mafuta kwenye kikombe kinabaki kimezibwa, na klachi inashindwa kushika sawasawa. Ubaya wake ni kwamba siku ya kwanza huoni kitu. Gari linakwenda, tanboi anasifiwa kwa akili yake, na baada ya siku kadhaa pedali inagoma kurudi, pengine katikati ya kona.

Na kinyume chake ni hivyo hivyo. Mafuta ya breki yakiingia kwenye usukani huharibu raba za huko.

Ndugu mkulima, katika Hilux kikombe cha klachi na kikombe cha breki vimekaa jirani. Mtu anayeweza kutia oili nyekundu kwenye kimoja ataitia siku nyingine kwenye kingine, na kikombe cha pili ndicho kinachosimamisha gari lenye mzigo na watu kabla ya kona za Mombo. Tena yako magari, hasa mengine ya Ulaya, ambamo klachi na breki hutumia kikombe kimoja. Kwa hiyo kama kuna shaka hata kidogo kwamba oili imeingia kwenye breki, gari lisiendeshwe hata hatua moja. Livutwe, au fundi aletwe pale lilipo.

Mtaijuaje? Yako majaribio mepesi. Chukua glasi ya maji safi. Vuta mafuta kidogo kutoka kwenye kikombe kwa sirinji, na udondoshe matone mawili matatu juu ya maji. Mafuta ya breki yanachanganyika na maji na kupotea. Oili inaelea juu na kutanda. Fanyeni jaribio hilo hilo kwa chupa yoyote mnayoitilia mashaka dukani, maana chupa siku hizi hujazwa na wengi. Kisha glasi ile isirudi jikoni. Mafuta ya breki ni sumu, hayana rangi ya kutisha, na mtoto anaweza kuyadhania kinywaji. Yasiwekwe katika chupa ya soda hata siku moja.

Kama oili imetiwa sasa hivi na pedali haijakanyagwa, bahati ipo. Oili ni nyepesi kuliko mafuta ya breki, huelea juu. Usikanyage pedali, usiwashe gari. Vuta kila kilichomo kikombeni kwa sirinji, pangusa, kisha usafishe mfumo wote kwa mafuta mapya mpaka yaliyotoka chini yawe safi kabisa, na uendelee kuuangalia kwa siku kadhaa. Lakini kama gari limeshatembea, kama la wenzetu wa Usambara, hakuna njia ya mkato. Raba zote za masta na silinda ya chini zibadilishwe, mpira mfupi ubadilishwe, paipu ya chuma isafishwe kwa spiriti na kupulizwa ikauke. Raba za klachi huuzwa zikiwa seti, na bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na ile kazi ya kushusha giaboksi. Ukiifungua silinda na kukuta ndani kuna vishimo vya kutu, usihangaike kuisugua kwa msasa; nunua silinda nzima. Na raba mpya zisioshwe kwa petroli, dizeli wala mafuta ya taa. Zipakwe mafuta ya breki safi, basi.

Sasa kazi yenyewe ya kubadilisha mafuta na kutoa upepo. Inahitaji watu wawili, spana ya kufungulia nipu iliyo kwenye silinda ya chini, mpira mwembamba unaoonyesha ndani kama meta moja, chupa ya kioo au ya plastiki, na mafuta mapya katika chupa ambayo haijafunguliwa. Chupa ya nusu lita yatosha na kubaki. Simamisha gari mahali tambarare, weka mawe mbele na nyuma ya tairi, toa gia, vuta hendibreki, zima injini. Kama unahitaji kulinyanyua gari ili uingie chini, liegemeze juu ya stendi za chuma au magogo imara. Jeki ni ya kunyanyulia, haikutengenezwa kumlinda mtu aliyelala chini ya gari.

Osha na kupangusa kifuniko cha kikombe kabla ya kukifungua. Punje moja ya mchanga ikiingia humo itakata raba. Vuta mafuta ya zamani kwa sirinji mpaka karibu na chini, pangusa tope kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, jaza mapya. Sogea chini. Safisha nipu, vuta kofia yake ya mpira, chomeka mpira wako mwembamba, na ncha ya pili uizamishe ndani ya chupa yenye mafuta safi kidogo, ili upepo usirudi.

Kuanzia hapo ni mazungumzo ya watu wawili, na mnene kwa sauti. Wa chini anasema, "Kanyaga!" Wa juu anakanyaga polepole mpaka mwisho, kisha anajibu, "Chini!" na kushikilia. Wa chini anafungua nipu nusu mzunguko. Mafuta na vipovu vinatoka. Anaifunga. Ndipo anasema, "Achia!" na wa juu anaachia taratibu. Mguu usitoke kwenye pedali kabla nipu haijafungwa, maana hapo mfumo utavuta upepo na kazi itaanza upya. Kila baada ya mara nne au tano mmoja aangalie kikombe na kukijaza; kikikauka, upepo unaingia kwa juu. Endeleeni mpaka mafuta yanayotoka yawe na rangi ile ile ya mapya, rangi ya chai isiyokolea, bila kipovu. Mwanzoni yatatoka meusi. Msishtuke, hiyo ni raba iliyokuwa ikisagika kidogo kidogo.

Uko peke yako? Jaza kikombe, acha kifuniko kimelegea, fungua nipu na uyaache mafuta yashuke yenyewe kwa uzito wake, ukikijaza kikombe kila mara. Huchukua muda, lakini kwa klachi mara nyingi yatosha.

Mafuta yakimwagika juu ya rangi ya gari, mwaga maji mengi papo hapo, la sivyo rangi itababuka. Mwisho kaza nipu kwa kiasi, usiikaze kama nati ya tairi, kwa kuwa hukatika kwa urahisi. Angalia uhuru wa pedali. Juu kabisa pawepo mwendo mdogo, kiasi cha milimeta 5 mpaka 15 katika magari mengi ya Kijapani, kabla hujauhisi uzito. Usipokuwapo kabisa, klachi itakuwa imekanyagwa kidogo siku zote, na hiyo pleti ambayo fundi alitaka kuibadilisha itakwisha kweli.

Tuje kwenye usukani. Hapa nitasema machache, kwa sababu nao hauna haja ya kufunguliwa mara kwa mara, ila mambo mawili matatu yana hatari.

Kwanza, hakikisha usukani wako ni wa mafuta. Magari madogo mengi yanayoletwa yakiwa yametumika Japani, kama Toyota Vitz, yana mota ya umeme ya kusaidia usukani. Humo hakuna oili ya kuongeza. Pikapu, Land Rover na Canter nyingi zina pampu inayozungushwa na mkanda wa injini, kopo la oili, mpira wa kupeleka oili kwa nguvu, na mpira wa kuirudisha. Oili yake mara nyingi ni ATF nyekundu, lakini si kila gari. Soma kifuniko cha kopo au kitabu cha gari, maana wako watengenezaji wenye oili yao maalumu.

Usukani ukiwa mzito, anza na upepo wa tairi za mbele. Wengi wamenunua pampu mpya kumbe tairi zimenywea. Kisha angalia mkanda: injini ikiwa imezimwa, bonyeza kwa kidole gumba katikati ya mkanda, ukibonyea kama sentimeta moja ni sawa, ukizama sana umelegea. Mkanda uliolegea hupiga mluzi pale unapokata kona hadi mwisho. Halafu fungua kopo. Oili iwe kati ya alama, na ujue kwamba makopo mengi yana alama mbili, ya injini baridi na ya injini moto. Ikiwa na povu, kuna upepo unaoingia, na pampu itakuwa inakoroma kila unapozungusha. Ikiwa nyeusi na kunuka kuungua, ibadilishwe.

Njia nyepesi ya kuibadilisha ni kuvuta oili yote ya kopo kwa sirinji, kujaza mpya, kuendesha siku moja, kisha kurudia. Lakini mjue hesabu yake. Kama kopo lina theluthi moja ya oili yote, ukifanya mara moja umebakiza theluthi mbili za ya zamani. Ukifanya mara tatu imebaki kama asilimia 30. Mara tano, kama 13. Kwa hiyo mara moja haitoshi. Anayetaka kumaliza siku moja anyanyue tairi za mbele juu ya stendi, achomoe mpira wa kurudisha oili pale kwenye kopo, azibe kitundu kilichobaki, aelekeze mpira ndani ya debe, na injini ikiwa imezimwa mwenzake azungushe usukani polepole kutoka mwisho hadi mwisho huku kopo likijazwa. Oili ikitoka safi, rudisha mpira, jaza, zungusha tena mara kumi au ishirini injini ikiwa bado imezimwa ili upepo utoke. Ndipo uwashe. Na siku zote, uwe kazini au barabarani, usiushikilie usukani umekatwa hadi mwisho kwa zaidi ya sekunde chache. Hapo pampu inasukuma oili isiko na pa kwenda, nayo inajipika.

Sasa hatari. Oili iliyomo katika ule mpira wa kupeleka ina msukumo ambao, usukani ukikatwa hadi mwisho, huweza kuupita upepo wa tairi mara 30 na zaidi. Ukiwa na tundu dogo kama la sindano, usilitafute kwa kidole wakati injini inanguruma. Oili hiyo hutoboa ngozi na kuingia ndani ya nyama. Jeraha huonekana kama umechomwa na mwiba, haliumi sana mwanzoni, mtu anafunga kitambaa na kurudi shambani, na baadaye anapoteza kidole au mkono. Ikitokea, nenda hospitali saa ile ile na umwambie daktari wazi kwamba ni oili ya msukumo mkubwa iliyoingia. Ukitaka kutafuta mvujo, pitisha kipande cha boksi la karatasi ngumu uone linapolowa. Ninyi wenye trekta hili linawahusu zaidi, kwani trekta ina mipira ya namna hii mingi. Na mpira wa msukumo ukipasuka, uletwe mwingine wenye ncha zilizobanwa kwa mashine. Kipande cha tyubu na klipu mbili kinafaa kwenye mpira wa kurudisha tu, tena kwa kufika nyumbani.

Limebaki lile la kuzima injini mlimani. Ndugu yetu, injini ikizimika, pampu ya usukani inasimama. Usukani bado unashika tairi, lakini unakuwa mzito ghafla, na kona za Lushoto hazingoji mtu akusanye nguvu. Breki nazo zinasaidiwa na kifaa kinachotegemea injini. Baada ya kukanyaga mara chache msaada ule unakwisha, na pedali inakuwa ngumu kama jiwe. Tena umeikosa breki ya injini yenyewe, kwa hiyo breki za tairi zinabeba mzigo wote na kuwaka moto. Na katika injini nyingi za dizeli za siku hizi, zinazoongozwa na kompyuta, ukiteremka kwenye gia bila kukanyaga mafuta, dizeli hukatwa yenyewe, kwa hiyo huokoi kitu. Teremkeni na injini ikiwaka, katika gia ile ile ambayo mngepandia. Kwa trekta zenye usukani usio na rodi wala giaboksi ya usukani, ila mipira ya oili peke yake, injini ikizimika usukani hugeuka kuwa pampu ya mkono. Jaribu siku moja ukiwa umesimama uwanjani, ujue uzito wake.

Kwa wenzetu wa Usambara, basi, mpango ni huu. Gari lisishuke tena na mzigo. Fanyeni jaribio la glasi ya maji kwa vikombe vyote viwili, cha klachi na cha breki. Klachi mmeshatuambia imelishwa oili, kwa hiyo nunueni seti ya raba za masta na za silinda ya chini, mpira mfupi, na chupa mbili za DOT 3 au DOT 4 kama kifuniko kinavyosema. Kazi hiyo fundi mmoja na msaidizi wanaimaliza kwa siku moja. Mkimaliza rudieni jaribio la gia ya nyuma. Ikiingia kimya, pleti yenu bado nzima. Ikilia, mrudieni fundi wenu, safari hii ana haki. Kisha andikeni kwa rangi juu ya kila kifuniko: BREKI, KLACHI, USUKANI, na oili nyekundu ihamishwe kutoka chini ya kiti cha dereva, iwekwe stoo.

Mafuta machafu yaliyotoka yasimwagwe mtaroni wala karibu na mfereji wa kumwagilia. Yakusanyeni katika dumu lenye kifuniko, liandikwe, na mpeleke kwenye gereji inayopokea oili chafu. Ya breki yawe na dumu lake peke yake.